Shule Ndani ya Chuo: Mlango Unaofunguka Upande Mmoja

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, wazazi wa Epulu hawaji kwangu kuuliza asilimia. Asilimia wameshaiona kwenye simu. Mtoto ameshamwagiwa poda nyeupe kichwani, vijana wameshaimba kutoka darajani mpaka sokoni, na kesho yake asubuhi baba na mama wanaketi kwenye benchi nje ya ofisi yangu na neno moja tu: "Sasa?"

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na katika sekondari yetu ndimi prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule. Jibu la kumpa mzazi ninalo, ila halimpi usingizi. Epulu ni kijiji cha barabarani, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo. Barabara ya kitaifa namba 4 inatoka Kisangani, inakata msitu, inavuka mto Epulu, inakwenda Mambasa na Komanda. Ukifika Komanda unashika njia ya Bunia. Vyuo viko kwenye ncha mbili za safari hiyo. Bunia kuna Chuo Kikuu cha Bunia, ISP ya walimu, Chuo Kikuu Shalom, na ISTM Nyankunde ya wauguzi. Kisangani kuna chuo kikuu chake, UNIKIS. Huku au kule, mtoto anahitaji nauli, chumba cha kupanga, minervali, yaani ada ya chuo, na barabara iliyo salama siku hiyo. Ituri imekuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021. Kuna wiki ambazo hata mwenye nauli hasafiri.

Wengi basi hawaendi. Diploma inawekwa kwenye mfuko wa nailoni, inafungwa vizuri isiingie unyevu, na mwenye nayo anakwenda kuchimba dhahabu au kuendesha pikipiki. Ukimuuliza kwa nini hakujaribu, pesa ataitaja, lakini ukikaa naye utasikia na jambo jingine: hajawahi kuingia ndani ya chuo hata siku moja. Hajui wanafunzi wa pale wanakaa vipi, wanamwitaje mwalimu, wanafanya nini saa isiyo na somo. Kwake chuo ni habari za watu wengine.

Duniani kuna shule zinazojibu lile "Sasa?" kabla diploma haijatoka. Ni sekondari zilizowekwa ndani ya uwanja wa chuo, ambamo mwanafunzi wa miaka kumi na sita au kumi na saba anaandikishwa pande mbili kwa wakati mmoja: kwenye daftari la sekondari na kwenye daftari la chuo. Somo analofaulu chuoni linahesabiwa kotekote. Akimaliza sekondari, ana diploma mkononi na sehemu ya masomo ya juu tayari mfukoni.

Walioitwa kwanza

Iliyotangulia kujulikana ni ya New York. Mwaka 1971 jiji hilo lilifungua chuo cha jamii kiitwacho LaGuardia, mtaa wa Long Island City katika Queens, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda. Chuo cha jamii kule Marekani ni chuo cha miaka miwili, ada yake nafuu, milango yake haina masharti makali. Humo utamkuta kijana aliyemaliza sekondari juzi ameketi na mama wa watoto watatu aliyetoka kazini. Mwaka 1974 profesa mmoja wa chuo hicho, mwanasaikolojia Janet Lieberman, akaanzisha sekondari humo humo. Ikaitwa Middle College High School.

Mimi nilidhani, kama wewe msomaji unavyodhani sasa, kwamba shule ya namna hiyo ingechagua wale wa kwanza darasani. Haikuwa hivyo. Lieberman aliwataka wale ambao shule zao za awali zilishakata tamaa nao: watoro, waliofeli masomo mawili matatu, walioonekana wazi kwamba mwaka kesho hawatarudi. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana wa aina hiyo hahitaji kuongezewa kelele na adhabu. Anahitaji kuwekwa mahali ambapo kila siku anawaona watu wanaofanana naye, wa mtaa wake, wa rangi yake, wa pesa kidogo kama yeye, wakibeba vitabu kwa hiari yao. Mahali penyewe panafundisha.

Wakapewa vitambulisho vya chuo. Wakaingia maktaba ile ile, ukumbi wa michezo ule ule, mkahawa ule ule. Madarasa yakafanywa madogo ili mwalimu amjue kila mtoto na nyumba anakotoka. Wakapelekwa kazini kwa mafunzo, kama sehemu ya masomo yenyewe. Na walioonekana wako tayari wakaruhusiwa kuketi kwenye masomo ya chuo pamoja na wakubwa. Mwaka 1985 sekondari ya pili ikazaliwa hapo hapo LaGuardia, International High School, kwa ajili ya vijana waliohamia Marekani karibuni na ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga. Ndugu zetu Wakongo, ambao tangu miaka ya 2010 wamepelekwa Marekani kwa maelfu kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda, wanaijua vizuri hali hiyo ya mtoto mwenye akili anayeonekana mjinga kwa sababu ya lugha.

Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu. Sasa ni mama, anaishi kule, na binti yake anasoma sekondari iliyo ndani ya chuo cha jamii. Mtandao ukikubali hunitumia ujumbe wa sauti. Nilimwuliza ni kitu gani kilichomshtua mtoto siku za mwanzo. "Papa prefe," akasema, "huku hakuna kengele." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Sekondari yetu yote inaendeshwa na kengele, kipande cha rimu ya gari tunachokigonga kwa chuma. Chuoni mtoto anaambiwa somo lake ni saa nne, chumba fulani. Asipokwenda hakuna atakayemfuata na fimbo, ila alama itamngoja. Binti alipotea wiki za kwanza. Shule ikampa mtu mzima mmoja wa kumwona kila wiki, kumuuliza ratiba, kumsukuma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shule ya namna hii si kumtupa mtoto chuoni. Ni kumpeleka akiwa ameshikwa mkono, na kuulegeza mkono polepole.

Je, inafaa? Mwaka 2013 taasisi ya American Institutes for Research ilitoa utafiti uliofuatilia sekondari kadhaa za aina hii zilizokuwa zikipokea wanafunzi kwa bahati nasibu kwa sababu waombaji walizidi nafasi. Bahati nasibu ni kitu kizuri kwa mtafiti, maana waliopata na waliokosa wanalingana. Waliopata nafasi, asilimia 86 walimaliza sekondari, waliokosa, 81. Walioendelea na chuo ni 80 kwa 71. Pengo kubwa liko mwishoni: kufikia utafiti kufungwa, asilimia 22 ya waliopata nafasi walikuwa wameshachukua shahada ya chuo, wakati kwa wale wengine ni asilimia 2 tu.

Kwetu ipo, ila inashuka tu

Msomaji wa Bunia au Bukavu atasema: mbona sisi tuna sekondari ndani ya vyuo siku nyingi? Ni kweli. Taasisi zetu za kufundisha walimu, ISP, zina shule zao za mazoezi. Ile ya ISP Bukavu kila mtu mjini anaiita EDAP. Ni shule kamili, ina prefe, ina finalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho, inafanya Exetat kama wengine.

Mimi ualimu niliusomea Bunia, na sitaji, yaani mazoezi ya kufundisha, nilifanyia katika shule kama hiyo. Nakumbuka somo langu la moyo wa samaki. Fishi ya maandalizi nimeinakili kwa mkono safi, lengo la somo limepigiwa mstari, mchoro nimeufunika kwa gazeti niufunue kwa wakati wake. Benchi la nyuma wameketi wenzangu wa chuo na daftari za kuandika makosa yangu, na katikati yao msimamizi mwenye kalamu nyekundu. Kabla sijafungua mdomo, kijana wa benchi la mbele akaninong'oneza: "Mesye, anza na tarehe ubaoni, hiyo ndiyo wanaangalia kwanza." Watoto wale walikuwa wameona walimu wa mazoezi wengi kuliko inspekta yeyote. Walijua hatua za somo kwa mpangilio, walijua lini waulize swali ili stajieri apate alama, na wakikupenda walikubeba.

Lakini angalia mwendo wenyewe unakwenda upande gani. Mwanafunzi wa chuo anashuka kwenda sekondari kujifunza kazi. Mwanafunzi wa sekondari hapandi. Wale vijana walipita mbele ya maabara ya chuo kila asubuhi na hawakushika darubini yake. Maktaba ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na haikuwa yao. Finalisti mwenye kichwa cha kemia hakuwahi kuambiwa aketi nyuma ya ukumbi asikilize mhadhara wa mwaka wa kwanza. Mlango upo, umefunguliwa miaka mingi, ila unafunguka upande mmoja. Na katika shule nyingi za uwanja wa chuo, zile zilizojengwa ili watumishi wapate pa kusomesha watoto wao, anayeketi humo ni yule ambaye nyumbani kwao chuo kinazungumzwa mezani. Lieberman alianza na aliye mbali zaidi. Sisi tumeanza na aliye karibu.

Mfano wa pili uko hapa hapa Ituri, nao ni wa wauguzi. Nyankunde ilikuwa na hospitali kubwa ya wamisionari, na pembeni yake shule mbili: ITM, sekondari ya ufundi wa tiba inayotoa wauguzi wa A2, na ISTM, taasisi ya juu inayotoa wa A1. Septemba 2002 Nyankunde ilivamiwa, watu wengi mno wakauawa, hospitali ikaporwa, wanafunzi na walimu wakatawanyika. Kwamba elimu ya uuguzi yenye jina la Nyankunde haikufa, hilo peke yake linastahili makala nyingine. Lakini tazama njia ya mwanafunzi. Msichana wa ITM anasoma anatomia, anafanya mazoezi wodini, anafaulu, anapata A2. Akitaka A1 anaingia mwaka wa kwanza wa ISTM, na anatomia inaanza upya kutoka kwenye mifupa, yeye pamoja na aliyetoka sekondari ya biashara ambaye hajawahi kuona sindano. Hakuna anayemdhulumu kwa makusudi. ITM iko chini ya Wizara ya Afya, ISTM iko chini ya wizara ya elimu ya juu, na daftari la huku halisomwi kule.

Tanzania: chuo kilichompokea mama na mtoto wake

Nilipotafuta karibu na kwetu mahali ambapo sekondari imeingia chuoni kwa ajili ya aliye mbali, nilikuta Tanzania. Wao wana Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 baada ya Nyerere kuvutiwa na vyuo vya watu wazima vya nchi za Skandinavia. Leo viko 54, vingi vijijini au pembeni mwa miji midogo, vinafundisha useremala, ushonaji, kilimo, umeme, upishi. Ukitafuta ndugu wa chuo cha jamii cha Marekani katika Afrika Mashariki, ndiye huyo.

Katika vyuo hivyo kumeendeshwa mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, chini ya shirika la Karibu Tanzania. Walengwa ni wasichana walioacha shule, wengi kwa sababu ya ujauzito. Kumbuka kwamba mpaka Novemba 2021, serikali ilipobadilisha msimamo, msichana aliyejifungua hakuwa na njia ya kurudi shule ya serikali ya kawaida. Chuoni alipokelewa. Anasoma masomo ya sekondari kwa njia ya mkato, anajifunza ufundi, na mtoto wake anakaa kwenye kituo cha kulelea watoto humo humo ndani ya uwanja. Saa ya kunyonyesha ikifika, mama anatoka darasani hatua chache, ananyonyesha, anarudi. Hiyo si anasa. Ondoa kile chumba cha watoto na darasa zima linabaki tupu, hata ukileta maprofesa.

Somo ninalolichukua ni kwamba uwanja wa chuo una kitu ambacho sekondari ya kawaida haina: watu wa umri mbalimbali. Mama wa miaka kumi na tisa akivaa sketi ya shule katikati ya watoto wa miaka kumi na mitatu anaona haya. Chuoni, ambako jirani yake wa darasa la ushonaji ana miaka thelathini, hakuna anayemgeukia.

Saa, alama, mshahara na ufunguo

Tuseme sasa Bunia au Mambasa wameamua kufungua shule ya aina hii. Mimi ni prefe; najua kazi itakapokwama.

Itakwama kwanza kwenye saa. Sekondari yetu inaanza Septemba, inasonga mpaka mitihani ya mwisho, na kwa finalisti kuna sehemu ya kwanza ya Exetat, ile ya insha na mazoezi, halafu siku nne za kikao cha kawaida. Mwaka wa chuo huanza baadaye na mara nyingi huteleza, kwa mgomo, kwa ukosefu wa pesa, kwa vita. Huwezi kumwambia finalisti aketi mtihani wa botania chuoni juma lile lile la Exetat. Anayeendesha shule hii lazima akae na katibu wa masomo wa chuo mwezi Agosti, kalenda mbili mezani, wakubaliane ni somo gani litakwisha kabla ya Pasaka. Kama hawakukaa Agosti, mambo yatavunjika Machi.

Pili ni alama. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inamtaka anayeingia masomo ya juu awe na diploma ya serikali, na kwa desturi yetu awe na angalau asilimia 50. Kwa hiyo chuo hakiwezi kumwandika mtoto asiye na diploma kama mwanafunzi wake kamili. Hili linaonekana ukuta, ila lina pa kupitia. Tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) ulipoenezwa nchini mwaka wa masomo 2021–2022, masomo ya chuo yanahesabiwa kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa licence. Zamani mwaka ulikuwa kitu kizima. Ukifeli ulirudia wote. Leo somo moja lina hesabu yake. Chuo kinaweza kumpokea finalisti kama msikilizaji, kumpa mtihani sawa na wengine, kuandika alama kwenye daftari la pembeni, na kuzihamisha siku atakapoleta diploma. Kinachohitajika ni barua moja yenye mihuri ya pande zote mbili, iliyoandikwa kabla ya somo kuanza. Mtoto asibaki na ahadi ya mdomo, maana mkuu wa idara akihamishwa, ahadi inahama naye.

Tatu ni mshahara, na hapa sifichi neno. Sekondari zetu zimejaa walimu wa NU, ambao wanafundisha ilhali serikali haijawaingiza kwenye orodha ya malipo. Wanaishi kwa mchango wa wazazi. Mwalimu wa chuo naye ana madai yake. Ukimwambia mmoja wao aongeze saa kwa ajili ya watoto wa upande wa pili, atakuuliza nani analipa, na ana haki ya kuuliza. New York ilianza kwa mkataba kati ya bodi ya elimu ya jiji na chuo kikuu cha jiji, wakagawana mzigo. Bila mkataba wa namna hiyo mzigo wote unamwangukia mzazi, na shule iliyokusudiwa kwa asiye nacho inakuwa ya mwenye nacho ndani ya miaka miwili. Njia ya bei nafuu ni kuhesabu saa hizo ndani ya sitaji: mwanafunzi wa ISP anayemaliza anawashika mkono vijana watano, anakaa nao chuoni, na kazi hiyo inampa alama zake za mazoezi. Hapo hakuna anayedai malipo ya ziada, na mlango unaanza kufunguka upande wa pili.

Nne ni ufunguo. Usicheke. Nani ana ufunguo wa maabara, na saa nane mchana yuko wapi? Darubini ikivunjika mikononi mwa mtoto wa sekondari, nani anailipa? Msichana akibaki maktaba mpaka jioni, nani anamsindikiza? Prefe na mkuu wa chuo wasipokuwa na majibu yaliyoandikwa, mtunza stoo ndiye atakayeamua, na mtunza stoo siku zote huamua kufunga.

Epulu, ambako chuo ni msitu

Hapa kwetu hakuna chuo kikuu. Lakini Epulu si kijiji bubu katika elimu ya juu. Kituo cha okapi kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1952. Hifadhi ya Okapi, karibu kilomita za mraba 14,000, ilitangazwa mwaka 1992, ikaingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tuna CEFRECOF, kituo cha mafunzo na utafiti wa misitu, ambako wanafunzi wa vyuo vya Kongo wamekuja kufanya utafiti wao. Tangu 1994 kuna viwanja vya kupimia miti huko Edoro na Lenda, hekta 40 kwa jumla, ambamo kila mti wenye unene wa kuanzia sentimita moja umepewa namba. Mtaalamu wa mimea Corneille Ewango, Mkongo, alibaki hapa wakati wa vita, akaficha mikusanyo ya mimea, kompyuta na kumbukumbu za utafiti zisiporwe. Mwaka 2005 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Juni 2012 kituo cha okapi kilishambuliwa, watu wakauawa na okapi 14 wakaisha. Kilijengwa tena.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, amepima miti, ameondoka na shahada yake, na mwenyeji bado anangoja kupona.

Finalisti wangu wa sayansi nimewahi kuwapeleka msituni na utepe wa kupimia. Kazi ni rahisi kuieleza. Unasimama kwenye mti, unapanda mita moja na sentimita thelathini kutoka chini, unazungusha utepe, unasoma mzunguko, unagawa kwa 3.14 upate kipenyo. Halafu unafika kwenye mti ambao mizizi yake imepanuka kama kuta na kupita urefu wa mtu, na kanuni inagoma. Hapo ndipo darasa linaanza. Wavulana wawili walibishana, mmoja anataka kupima juu ya kuta za mizizi, mwingine anasema kanuni ni mita moja na thelathini basi. Yule wa kwanza alishinda kwa hoja, na hivyo ndivyo watafiti wanavyofanya: unapanda mpaka juu ya mizizi, unaandika umepima urefu gani, na anayekuja miaka mitano baadaye anapima hapo hapo. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza wa chuo. Watoto wa Epulu walilifikia wenyewe, chini ya miti ya mbau, kwa Kiswahili chao.

Alikuwepo pia kijana wa Kimbuti, wa wenyeji wa msitu huu, ambaye katika mitihani yangu ya botania hupata alama za huruma. Alikwaruza gome, akanusa, akataja jina la mti. Akaenda wa pili, wa tatu, bila kutazama jani. Karatasi yangu haikuwa na mahali pa kumpa alama za ujuzi huo. Watafiti wamewategemea Wambuti kama viongozi wa msituni kwa miongo mingi. Sekondari inawaandika watoto wao kuwa watoro, kwa sababu msimu wa asali ukifika wanaondoka na wazazi wao.

Ninachopendekeza kwa hiyo si jengo. Chuo cha Bunia au cha Kisangani kichague somo moja la mwaka wa kwanza, utambuzi na upimaji wa miti, lenye krediti chache, lifundishwe hapa Epulu kwa majuma machache ya ukavu, na wanafunzi wake wawe mchanganyiko: wa chuo waliokuja kwa utafiti na wa sekondari wa hapa. Mwalimu wa chuo atoe mtihani mmoja kwa wote. Alama za wetu zikae kwenye daftari la pembeni mpaka diploma itoke. Kalenda ipangwe isigongane na Exetat wala na asali. Ofisi ya elimu ya Mambasa iweke muhuri wake, chuo kiweke wake, komite ya wazazi ipate nakala.

Na nikiambiwa nilete orodha ya vijana kumi na wawili, sitaanza na wa kwanza darasani. Huyo baba yake ana duka, atafika Kisangani hata tukilala. Nitaanza na yule wa Kimbuti, nimfuatishie binti aliyerudi shule mwaka jana akiwa na mtoto mgongoni, halafu kijana anayerudia Exetat kwa mara ya pili na ambaye mgodi wa dhahabu umeshamwita kwa jina. Hao ndio kipimo. Wakifaulu hao, mkuu wa chuo hatakuwa na sababu ya kuwakatalia wengine.